Presha ya Sitini na Tano

Alipoletwa kwetu, Jumanne saa tano asubuhi, alikuwa bado anaongea. Wagonjwa wengi wa wodi yetu ya mahututi hufika wakiwa wamelazwa usingizi wa dawa, mpira wa kupumulia uko kooni, hivyo sauti zao tunazisikia kwa mara ya kwanza wakipata nafuu, au hatuzisikii kabisa. Huyu alinitazama wakati tunamhamishia kitandani, akahangaika kuvuta pumzi, akasema kwa Kiswahili cha Kivu, kule ambako ndiye na ndiyo huwa njo, "Wewe njo dada wa kwaya."

Nilimjua. Kanisa letu hukodi ukumbi Jakobsberg kila Jumapili alasiri, Waswidi wakishamaliza ibada yao, na yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kuunganisha spika na maikrofoni. Siku za kazi alisafisha treni. Tulikuwa tumesalimiana labda mara mia, hatujawahi kukaa tukazungumza.

Mkuu wa zamu aliona jinsi tulivyotazamana. "Unamfahamu?" akaniuliza kwa Kiswidi.

"Tunasali pamoja."

"Unataka nikubadilishie mgonjwa?"

Nilisema hapana. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Wenzangu wawili waliokuwa wepesi wa mikono walikuwa wamempeleka mgonjwa mwingine kupigwa picha, na huyu presha yake ilikuwa inaanguka. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilifurahi kuitwa dada mahali ambapo kwa miaka tisa nimeitwa kwa jina langu tu, tena limetamkwa vibaya.

Tulimvua shati. Miguu yake ilikuwa baridi mpaka magotini, na juu ya mapaja yalikuwa yameanza madoa ya zambarau, kama mtu aliyemwagikiwa na juisi ya zambarau zenyewe. Tumboni alikuwa na kovu refu, kutoka chini ya kifua mpaka kupita kitovu, limeshonwa kwa haraka na mtu aliyekuwa na wagonjwa wengine wanamngoja.

"Hili ni la nini, Papa?"

"Risasi. Zamani, wakati wa vita. Walitoa bandama, njo nikapona."

Daktari alikuwa amenipa mgongo, anaandika kwenye kompyuta. Nilipomtafsiria aliacha kuandika. Mtu asiye na bandama anapaswa kuchanjwa dhidi ya vijidudu fulani, na awe na dawa nyumbani, ameze siku homa inapompanda, kabla hata ya kumpigia mtu simu. Vijidudu hivyo kwa wengine ni mafua au kichomi. Kwake ni jambo la saa chache.

"Muulize kama alichanjwa," daktari akasema.

Nilimuuliza. "Chanjo gani?" akanijibu. Alikuwa amekaa Sweden miaka kumi na mmoja. Alikuwa amepimwa macho, meno, kifua, na mgongo uliomsumbua kazini. Kovu lake lilikuwa limeonwa na watu wa kutosha. Jana yake alikuwa ameenda kazini akitetemeka. "Nikasema ni baridi tu," akaniambia. "Hii baridi ya hapa."

Kwenye wodi yetu wauguzi wenye mafunzo ya mahututi ndio huweka mrija wa ateri. Dripu huingia kwenye mishipa inayorudisha damu moyoni, ile ya kijani inayoonekana mkononi, na hiyo hata mwanafunzi huipata. Ateri iko chini zaidi, ndiyo inayodunda. Mrija mwembamba ukikaa ndani yake, mashine husoma presha kila moyo unapopiga, na damu ya kupima huchotwa humo bila kumchoma mtu tena na tena. Kwa mgonjwa ambaye presha inaporomoka, kusubiri mkanda wa mkononi ujae upepo na kupungua ni kusubiri sana.

Nilikunja taulo nikaliweka chini ya kifundo cha mkono wake wa kushoto, kiganja kikaangalia dari. Nikasafisha, nikachoma ganzi. Kwa kawaida vidole vyangu huipata ateri kabla ya macho. Kwake nilibonyeza nikangoja, na mdundo nilioupata kwenye ncha za vidole ulikuwa wangu mwenyewe. Nikachukua mashine ya picha, ile ile wanayowapimia wajawazito, nikaiona ateri kwenye kioo, nyembamba kama uzi, inafumba na kufumbua.

"Unatafuta nini pale?" aliuliza.

"Mshipa unaopiga, Papa. Vumilia kidogo."

"Haupigi?"

"Unapiga. Umejificha."

Mara ya kwanza damu ilichungulia ikakatika, mshipa ukajikunja. Mara ya pili ilikuja. Nilipitisha waya, nikapitisha mrija juu ya waya, nikaushona kwenye ngozi kwa nyuzi mbili. Nikapandisha kipimo usawa wa moyo wake, nikakirudisha kwenye sifuri, na kwenye skrini mstari mwekundu ukaanza kupanda na kushuka. Wastani wa presha ulikuwa arobaini na nane. Tunataka sitini na tano. Chini ya hapo figo hazipati kitu, ubongo nao unaanza kunyimwa.

"Mmeona?" akasema.

"Tumeona presha yako."

"Iko ngapi?"

"Iko chini. Tunaipandisha sasa hivi."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, polepole, maneno yakikatwa na pumzi: "Mama ya watoto asiambiwe iko chini."

Baada ya dakika ishirini walimlaza usingizi na kumwekea mpira kooni. Mkewe alikuwa njiani, ndani ya treni.

Alikuja na binti yao, mwanamke wa miaka ishirini na minne anayeuza viatu dukani Kista. Mama alikuwa amevaa koti la mumewe, nadhani alilinyakua la kwanza mlangoni. Aliponiona alinikumbatia nikiwa na glavu mikononi, akasema, "Aksanti Mungu, umemuweka mutu wetu hapa." Nilimpa kiti. Binti alimuuliza daktari maswali kwa Kiswidi, maswali mazuri, na kila alipojibiwa alimgeukia mama yake akasema neno moja, mawili. Mama alimwambia, "Sema vizuri nisikie." Binti akamjibu kwa Kiswidi kwamba anajaribu.

Kwenye chumba cha mahututi kuna vitu vingi vya kutazama, na watu wa nyumbani huchagua kimoja. Wengine hutazama mashine ya kupumulia, wengine mfuko wa mkojo. Yeye alichagua mstari mwekundu.

"Hii njo nini, mutoto yangu?"

"Ni presha yake, Mama. Inatoka kwenye mkono, pale."

"Na hii namba?"

"Tunataka iwe sitini na tano."

"Iko sitini na sita."

"Ndiyo."

"Basi iko mzuri."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba sitini na sita ile haikuwa yake. Ilikuwa ya dawa. Tulikuwa tunampa dawa mbili za kubana mishipa, kwa kiasi kikubwa, na kila saa tulikuwa tunaongeza. Tungezifunga, namba ingeporomoka kabla Mama hajamaliza kikombe kimoja cha chai. Daktari alikuwa amemweleza binti, na nilijua ni kidogo kiasi gani cha maelezo yale kilikuwa kimevuka kumfikia mama yake. Lakini mtu alikuwa ameniomba kitu kwa pumzi zake za mwisho za kuongea, na mkewe alikuwa ananitazama kwa uso uliokuwa umeanza kufunguka. "Kwa sasa iko mahali tunapotaka," nikasema. Kila neno lilikuwa sahihi.

Jumatano na Alhamisi nilikuwa naye tena. Nilichota damu kwenye mrija kila baada ya saa chache, na kila karatasi iliyotoka kwenye mashine ilikuwa mbaya kuliko ya kabla. Figo zikasimama, tukaleta mashine ya kusafisha damu. Madoa ya miguuni yakaungana yakawa meusi. Mama alikuja asubuhi, akaondoka jioni, na alijifunza haraka. Namba ikishuka sitini na mbili aliniita. Nilikuja, nikaongeza dawa, ikapanda, na alinishukuru. Alikuwa ananishukuru mara kumi kwa siku.

Vidole vya mkono wa kushoto viligeuka rangi Alhamisi mchana, kwanza kucha, kisha ncha, kisha mpaka kwenye kiungo cha pili. Huo ndio mkono niliouwekea mrija. Kwa mtu mwenye afya ateri mbili hulisha kiganja, na mrija ukiziba moja, nyingine hufanya kazi. Kwake hakukuwa na ya pili ya kutegemea. Daktari alikuja akatazama, akanifunulia mkono wa kulia na miguu yote. "Kote ni hivyo hivyo," akasema. "Ni ugonjwa, na ni dawa. Si mrija wako." Tukauhamishia kwenye kinena. Niliutoa ule wa mkononi mwenyewe, nikabonyeza kwa pamba dakika tano kama inavyotakiwa. Haikutoka damu ya kulowesha pamba.

Ninajua alichosema daktari kilikuwa kweli. Mkono wa kulia ulikuwa mweusi vile vile. Lakini wa kushoto ulianza saa chache kabla.

Jumapili sikuwa kazini. Nilichukua treni ya laini ya bluu kutoka Rissne, nikabadilisha Sundbyberg, nikapanda treni ya Jakobsberg. Njiani niliwaza kurudi nyumbani. Kwenye ukumbi, watu watatu walinijia kabla sijavua koti. Wewe uko pale pale, anaendeleaje? Nikasema siruhusiwi kusema, sheria ya kazi. Mmoja aliitikia kwa heshima. Mwingine alisema, "Hata sisi?" Sheria haina kifungu cha hata sisi.

Mkewe alikuwa ameketi mstari wa mbele. Baada ya wimbo wa pili mchungaji alisimama. Maikrofoni ilikuwa inapiga kelele, hakuna aliyejua kuirekebisha, akaiweka chini akasema kwa sauti yake.

"Wapendwa, tulimlilia Mungu wiki nzima kwa ajili ya ndugu yetu. Siku ya kwanza damu yake ilikuwa imeshuka. Mama amenipa habari asubuhi hii. Leo presha iko sitini na saba."

Ukumbi ulipiga makofi. Wengine walisimama. Mama aligeuka kwenye kiti chake akanitafuta kwa macho, akanipata kwenye safu ya kwaya, na nyuso nyingi zikafuata macho yake. Walikuwa wanataka mtu wa wodini athibitishe.

Nilipiga makofi.

Ningeweza kusema mikono ilijipigia yenyewe, lakini si kweli. Nilifikiri. Nilifikiri kwamba nikiwaacha wanione nimekaa kimya, kila mtu atajua, na Mama atajua mbele ya watu mia. Nilifikiri pia juu ya alichoniomba mumewe. Nikapiga makofi, tena si kwa unyonge. Tukaimba wimbo wa tatu na nilishika sauti yangu mpaka mwisho.

Jumatatu madaktari walikutana wakaamua. Ubongo ulikuwa umepigwa picha, na picha ilionyesha kwamba hata kama mengine yote yangerudi, yeye hangerudi. Mchana waliita familia kwenye chumba kidogo chenye sofa na boksi la tishu. Kwetu muuguzi haruhusiwi kuwa mkalimani kwenye mazungumzo kama hayo, na ni kanuni nzuri, kwa hiyo mkalimani alikuwa kwenye simu, katikati ya meza. Kwa lafudhi alikuwa mtu wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha taarifa ya habari.

Daktari alizungumza taratibu. Mkalimani akasema, "Daktari anasema matibabu yamefikia kikomo, na anapendekeza yasitishwe."

Mama aliinamisha kichwa kwa adabu. "Aksanti," akasema. "Yamefika. Sasa wataanza lini?"

Daktari alimtazama binti. Binti alikuwa amekwisha kusikia kwa Kiswidi, dakika nzima kabla, na alikuwa analia bila sauti. "Mamma," akasema. Akafungua mdomo tena. Maneno aliyokuwa nayo ya Kiswahili yalikuwa ya jikoni na ya salamu, ya njoo ule na funga mlango. Kwa jambo hili hakuwa na neno. "Mamma," akarudia.

"Nini?" mama akamuuliza. "Wanaanza nini?"

Mkalimani kwenye simu aliuliza kama arudie. Nikapiga magoti mbele ya kiti cha Mama, kwa sababu huwezi kumwambia mama jambo kama lile umemsimamia.

"Mama, Papa hatapona."

Alinitazama.

"Zile dawa njo zinashika presha. Mwili wake hauishiki tena. Daktari anataka tuziache. Tukiziacha, atakufa leo."

Nje ya dirisha palikuwa na mtu anayeparua theluji kwenye maegesho, na tulimsikia akisukuma koleo, akisimama, akisukuma.

"Jana ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Na Jumanne?"

"Jumanne hatukuwa tumejua. Tuliogopa."

"Jana ulikuwa kanisani. Ulipiga makofi."

Sikumwambia kwamba mumewe ndiye aliyesema asiambiwe. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yale, yalikuwa mdomoni, na niliona kwamba nikiyasema nitakuwa nimejificha nyuma ya mtu asiyeweza kujitetea. "Nisamehe, Mama," nikasema. Alimwomba binti yake mkono, akasimama.

Mchungaji alikuja na wazee wawili wa kanisa. Waliimba kwa sauti ya chini kwa sababu chumba cha pili kilikuwa na mgonjwa mwingine. Kwa desturi yetu wodini tunazima skrini, ili watu wamtazame mtu wao wasitazame namba, na nilipoinua mkono kuizima Mama akasema, "Acha." Nikaiacha. Nikafunga dawa ya kwanza, kisha ya pili. Sitini na tano ikawa hamsini na nane, ikawa arobaini. Binti alikuwa amelaza shavu kwenye bega la baba yake. Mama alisimama kando ya kitanda amegeukia skrini, midomo inasoma kila namba bila sauti, mpaka mstari mwekundu ulipolala. Hapo ndipo alipomgeukia mumewe, na akamtazama kama aliyechelewa.

Sikwenda msibani. Nilipika sufuria ya maharage nikampa mwanakwaya mwenzangu apeleke. Nilimwambia asiseme ni ya nani.

Majuma kadhaa baadaye nilimpigia simu mchungaji. Nilimwambia kuna watu wetu wengi wana makovu ya vita tumboni, na wengine hawajui walichotolewa ndani, na kwamba waende kituo cha afya waulize juu ya chanjo. Alinisikiliza vizuri. Akatangaza Jumapili, kati ya mazoezi ya kwaya na zamu za usafi. Mtu mmoja alinipigia. Tulikutana kwenye maktaba ya Husby, akapandisha sweta lake nyuma ya rafu za vitabu vya watoto. Lilikuwa kovu dogo, chini kulia. Kidole tumbo. Nikamwambia hana haja ya chanjo hiyo, akafurahi, akaniuliza kama ninafahamu mtu wa kumsaidia kupata nyumba.

Kazini sikusema lolote. Niliendelea kuweka mirija. Bado nina mkono mwepesi, na bado wenzangu huniita wakishindwa. Nimeongeza swali moja kwa kila mgonjwa anayeweza kujibu, na kwa ndugu wa wale wasioweza: umewahi kupasuliwa tumbo? Mpaka leo halijamwokoa mtu. Wengi hujibu ndiyo, upasuaji wa uzazi.

Kanisani niliacha kwenda, kwanza kwa sababu ya zamu, kisha bila sababu.

Nilimwona Mama tena mwezi wa tano, duka la dawa pale Jakobsberg. Nilikuwa nimechukua karatasi ya foleni nikageuka, naye alikuwa ameketi kwenye benchi, amepungua, nywele amezikata. Hatukuwa na mahali pa kukwepea. Nilimsogelea, nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo, Mama."

Aliinua macho. Miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumsikia akisema sentensi nzima ya Kiswidi.

"Hej," akasema, salamu ya Kiswidi ya kumpa mtu yeyote.

"Habari za siku nyingi? Binti hajambo?"

"Tack, bra," akajibu, yaani asante, hajambo, kwa upole, kama tunavyowajibu watu wa ofisini.

Namba yake ikaitwa. Akachukua mkoba wake, akaenda dirishani.